Matunzo ya Kimaren

Karatu,
30 Julai 2024

Kwako kaka yangu Josephati,

Nakusalimu wewe, wifi Martha na wote waliomo humo nyumbani Mbulu. Je, mguu umepona? Mahindi mmeshavuna? Sisi huku tu wazima. Baridi ni kali, Neema alikohoa wiki nzima, lakini ameshapona na amerudi shuleni.

Barua yako Simon alinifikishia Jumapili baada ya misa. Unasema umesikia Metui amenishtaki ustawi wa jamii na sasa nampelekea fedha kila mwezi. Kwamba mwanamke kumlipa mwanamume aliyeachana naye ni aibu isiyowahi kuonekana katika ukoo wetu. Na kwamba nisipoacha, kipande cha shamba alichoniachia baba kule Oldeani utamkodisha mtu mwingine.

Unakumbuka tulipoachana wazee wa pande zote mbili walikaa, wakagawa watoto: Kimaren abaki kwa baba yake kule Ololosokwan, Neema aje kwangu, kila mtu abebe wake. Nilikubali. Wakati ule Metui alikuwa mlinzi kwenye kambi ya watalii na ng'ombe anao, mimi naosha vyombo hotelini. Leo mimi ni mpishi mkuu. Yeye kambi imefungwa, na ukame umemwachia ng'ombe wawili.

Mwezi wa tano nilikwenda kumwona mwanangu. Nilimkuta nyumbani siku ya shule, kwa sababu shati lake lilikuwa limefuliwa na halijakauka, na lingine hana. Bibi yake, Mama Sinyati, akatupa chai ya rangi. Nyumba ya Wamasai, kaka, chai haina maziwa! Kimaren akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho bibi yake hakijui, "Mama, ni kweli Neema anakula yai kila asubuhi?" Nikamjibu ni kweli. Akaendelea kunywa chai yake.

Nilimwachia Metui fedha kidogo, akanirudishia papo hapo, akasema yeye halishwi na mwanamke. Nikatuma kwa simu, akazirudisha pia. Ninyi wawili mngeelewana sana, kaka. Mnalinda heshima zenu, na mtoto anakaa na njaa.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Metui hakunishtaki. Mimi mwenyewe nilikwenda ofisi ya ustawi wa jamii, nikaomba niandikiwe kutoa fedha za matunzo ya Kimaren kila mwezi. Afisa alidhani nimechanganyikiwa, akaniuliza mara mbili nani anamdai nani. Nikamwambia mtoto ndiye anayetudai sote wawili. Metui aliitwa, akaja amenuna. Afisa akamweleza kwamba fedha hizo ni za Kimaren, hivyo hana mamlaka ya kuzikataa. Akavuta karatasi, akatia sahihi. Tangu siku hiyo mtoto hajakosa shule hata mara moja.

Watu walipoanza kusema Metui amenishtaki, nilinyamaza, maana niliogopa maneno yako. Hapo nilikosa. Mwenzangu ametukanwa kwa jambo ambalo hakulifanya, na mimi nikaona na kukaa kimya. Nimeshamwomba radhi.

Lakini kwa hayo mengine siombi radhi kwa mtu. Shamba ukitaka kulikodisha, jaribu. Tutaonana baraza la kata, maana baba aliniachia mbele ya mashahidi. Na wakikuuliza kuhusu aibu ya ukoo, waambie dada yako alizaa watoto wawili na anatunza wawili.

Msalimie sana wifi, na umwambie mama mdogo Katarina dawa yake nimeshaipata, Simon ataileta. Desemba nitakuja na watoto wote wawili. Ukitufungia mlango, tutalala kwa jirani, na asubuhi tutakuja kukuamkia.

Ni mimi mdogo wako,
Sabina