Zizi la Kale Nililolilima Michenga

Jumapili, Novemba. Ifakara imeamka na mawingu mazito lakini leo mvua haijanyesha, na jasho linatoka hata ukikaa tu. Nimehudhuria misa ya kwanza, komunyo sikupokea. Mama niliyekaa naye benchi moja alinigeukia kuona kama naumwa.

Siumwi. Nina aibu.

Niseme moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka sitafika. Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari. Kila Januari nawaambia kidato cha kwanza kwamba historia haiko vitabuni peke yake, nyingine iko chini ya ardhi, na anayeivuruga amechana ukurasa usio na nakala. Hilo la ukurasa nalipenda sana. Huwa nalisema polepole ili waliandike. Alhamisi iliyopita niliuchana mimi mwenyewe, kwa trekta la kukodi.

Shamba liko Michenga, ekari nne za mpunga alizoniachia baba. Katikati kuna mahali palipoinuka kidogo, duara, kama tuta lililozungushwa na mtu kisha likachoka. Mpunga wa pale kila mwaka unakuwa mrefu kuliko mwingine, na ukikaribia kukomaa unalala chini kwa kuzidiwa na rutuba. Baba alikuwa akichota udongo wake kwa ajili ya kitalu cha nyanya. Hatukuwahi kujiuliza rutuba hiyo imetoka wapi.

Mpakani anakaa Mama Minza, mjane wa Kisukuma, mwenye zizi dogo la miti na maksai wanne. Kwa maksai hao analimia watu mashamba, na ndio wanaomsomesha binti yake Minza, ambaye yuko kidato cha pili, darasani kwangu. Mwezi wa tisa mkutano wa kijiji ulijadili kama abaki na zizi lake au ng'ombe waondoke. Watu walikuwa na hasira, kwa sababu msimu uliopita makundi makubwa ya ng'ombe yaliingia kwenye mpunga. Maksai wa Mama Minza hawakuwamo. Kila mtu alilijua hilo, na mimi nililijua.

Nilisimama nikaongea. Hakuna aliyenituma. Nikasema bonde hili halijawahi kuwa la ng'ombe, tangu enzi na enzi ni la jembe la mkono na mtumbwi, na nasema hivyo kama mwalimu wa historia. Makofi yalipigwa mpaka nikajisikia mtu. Chanzo sikuwa nacho hata kimoja! Tena babu yangu mwenyewe alishuka hapa kutoka Mahenge akiwa mtu mzima, na mzigo wake kichwani, ila hilo sikulitaja. Mkutano ukaamua ng'ombe waondoke. Mama Minza akapeleka malalamiko yake kata, na kesho saa nne ndipo yatasikilizwa.

Mwezi wa kumi akaja dada mmoja mtafiti kutoka chuo kikuu. Anarusha kamera angani kutafuta makazi ya kale. Akanionyesha shamba langu kwenye simu: duara zima, lina nafasi ya mlango upande mmoja, na nje yake alama ya mtaro uliofukiwa. Kisha akachimba shimo dogo, kina cha goti. Ukatoka udongo wa kijivu, laini kama majivu, na vigae vya chungu, na meno ya ng'ombe. Akasema ile ni samadi iliyokaa muda mrefu mno, na kwamba hapa palikuwa na zizi la watu waliofuga kabla koo zetu zote hazijafika. Umri wenyewe atausema akishapima. Akaniomba pasiguswe mpaka arudi na wenzake baada ya sikukuu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, yuko kwa mtu wa historia mwenzake.

Wiki tatu nilitembea na jambo hilo kifuani. Ningeweza kulipeleka kata likammalizia Mama Minza kesi yake. Badala yake nikawa naziona sura za wale waliopiga makofi, zikinigeuka. Nikajiambia shamba ni langu, msimu umefika, wenzangu wote wanalima. Uongo mtupu. Nilitaka lile duara lisiwepo kabla ya Jumatatu.

Basi Alhamisi trekta likaja. Dereva alipita juu ya tuta mara mbili. Mara ya tatu magurudumu yakazama, maana mvua ya kwanza ilikuwa imelainisha ardhi, na kila alipokanyaga mafuta akazidi kujichimbia.

Aliyekuja kutuvuta ni Mama Minza.

Hatukumwita. Aliona tu tumekwama, akaja na maksai wake wameshafungwa nira, mnyororo begani. Akawasemesha Kisukuma, taratibu, wakainamisha vichwa na trekta likatoka. Alipokuwa anakusanya mnyororo akaokota kitu kwenye udongo uliopinduliwa, akakifuta kwa kanga.

"Jino la ng'ombe hili, mwalimu. La siku nyingi." Akasugua udongo kwa vidole. "Na hii ni samadi kabisa. Nani alifuga hapa?"

"Sijui, Mama Minza."

Akanikabidhi lile jino, eti limetoka shambani kwangu ni langu. Alipoondoka dereva akauliza kama aendelee. Nikamwambia aendelee, na akimaliza apige haro pawe sawa.

Leo baada ya misa nilipanda bodaboda mpaka Michenga, nimeshaazimia kumwambia yote kabla ya kesho. Nikamkuta anang'oa miti ya zizi. Nikampa shikamoo yake, akaitikia vizuri tu. Akaniambia kesho haendi kata. Anawapeleka maksai Malinyi kwa kaka yake, wataondoka asubuhi, na Minza atasubiri kidogo mambo ya shule mpaka yeye mama yake ajue pesa ataitoa wapi.

"Wale wengine nilijua ni hasira zao," alisema. "Ila wewe umesoma. Nilipookota lile jino nikapata tumaini, nikasema labda. Lakini nilikuuliza, ukasema hujui. Na kama kingekuwepo kitu, wewe ungejua, mwalimu. Nikaona nisibishane na ukweli."

Alisema bila uchungu wowote. Afadhali angenitukana.

Na mimi nikafanya nini? Nikashika mti upande wa pili, nikamsaidia kubeba. Tulibeba miti sita. Akanishukuru, akanipa maji ya kunywa, nikarudi mjini.

Jioni hii nimemwandikia yule dada mtafiti nikamweleza nilichofanya. Amejibu kwamba picha za angani bado anazo, lakini kilichokuwa chini kimechanganyika, na hajui kama atasoma kitu tena pale. Picha peke yake haziwezi kusimama mbele ya baraza zikaeleza kitu, kwa hiyo kata wanabaki na mdomo wangu tu, huu huu ulioharibu. Nikisema, kijiji kitanicheka, na wazazi watauliza watoto wao nawafundisha nini. Wana haki ya kuuliza. Na huenda wakakataa hata hivyo, ng'ombe wakaondoka. Sawa. Lakini wasiondoke kwa sababu mama yule aliniamini.

Bodaboda nimeshaongea naye, anifuate saa kumi na moja alfajiri. Nitafika kabla maksai hawajatolewa, na saa nne tutakuwa wote kata. Nitakapofika nina maneno manne tu ya kusema: Mama Minza, usiende, nilikudanganya. Nimekuwa nikiyasema peke yangu hapa jikoni tangu nilipowasha jiko. Matatu ya kwanza yanatoka vizuri.