Reli ya muzee Dominique

Adèle, Zacharie ametupatisha haya leo. Haya ya kweli!

Si alipeleka batoto bake ba sixième, darasa ya sita, karibu na Nizi, kubaonyesha pahali reli mbili za mugodi zilikuwa zinakutana? Wiki muzima yeye, mwalimu wabo, anabaelezea ile historia. Kufika: majani na mawe tu. Hata reli moja hakuna.

Akakasirika mupaka mishipa ya shingo ikasimama. Na pale tulikuta muzee Dominique, ule mwenye alikuwa anageuza reli ili treni ipite huku ao kule. Zacharie akamupigia makelele: "Mulikula reli! Muliuzisha historia yetu!"

Muzee wa umri ya baba yake! Mbele ya batoto!

Muzee akamusogelea na kasirani. "Weye unaniita muizi? Kipande ya mwisho, direkta wa zamani wa shule yenu njo alikuya kukata. Nilimukatalia, akanisukuma. Akasema anaenda kuitundika ku masomo, ikuwe kengele."

Kengele, Adèle. Ile chuma yetu ya mbele ya biro ya direkta!

"Sasa nani anaipiga?" muzee akauliza.

Batoto bote bakamuangalia Zacharie. Miaka kumi na mbili, kila siku, ni yeye.

Hakuomba hata pardon. Tumerudi ku shule.

Sasa hivi saa ya batoto ba mchana kuingia imepita. Kiwanja imejaa. Zacharie amesimama mbele ya ile reli, nyundo mu mukono, na hapigi.