Kupika kwa Mtu Mmoja

Igalula, karibu na stesheni,
Jimbo la Magharibi.
27 Novemba, 1949.

Mpendwa mdogo wangu Tekla,

Shikamoo yako niliipata, marahaba sana. U hali gani huko Muheza, na shemeji Raymundi anaendeleaje na kazi ya mkonge? Kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha? Watoto wanakula vizuri? Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio. Nimetoka kusali, nimekaa kibarazani, na hakuna mtu wa kuzungumza naye, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Mvua bado. Mawingu hukusanyika upande wa Tabora, tunayatazama, kisha yanaondoka. Kisima cha mbugani kimebaki tope. Maji tunayapata stesheni, siku behewa la maji likija, na kuni zimekuwa mbali mno.

Umeniuliza naishije peke yangu katika ukame huu. Mafiga yangu nimeyazungushia udongo wa kichuguu, nikaacha mdomo mmoja tu wa kutia kuni, basi moto hauchezewi na upepo. Kunde nazilowesha tangu jana yake ili zisikae sana motoni. Chakula kikiiva, kijinga cha moto nakizima kwa majivu, nakitumia kesho. Sufuria nasugua kwa majivu hayohayo, na kunde za mbegu nazichanganya nayo zisiliwe na fukusi. Maji ya kuoga yanateremka kwenye mchicha, ya kuoshea vyombo naupa mpapai. Lile koti la jeshi la marehemu mume wangu Sylvester lilikuwa limechakaa mabegani, nimelikata nikashona mto. Nalalia huo.

Watu walinicheka. Benedikta mkunga, unamkumbuka, yule mwenye sauti kama ya mnadani, alipita akaniona nakinga maji ya kunawia mikono. Akasema, "Bernadeta, hata hayo unayalilia? Una watoto wangapi wa kuwawekea?" Hakuwa na nia mbaya. Lakini unajua Mungu hakunipa mtoto, na siku ile ugali sikuumaliza.

Tekla, wewe nikuambie kweli. Sifanyi hivi kwa sababu ya ukame tu. Tangu Sylvester afariki siku imekuwa ndefu. Kupika kwa mtu mmoja ni kazi ya dakika chache, na kula ni fupi zaidi. Nikiwa na cha kulowesha, cha kuzika majivuni, cha kumwagilia, mikono inapata shughuli mpaka jua linazama.

Sasa sikiliza yaliyotokea mwezi uliopita. Mkabala na mimi anakaa binti mmoja, Kashindye, mzaliwa wa Lusu kule Nzega. Mumewe, Yoramu, yuko gengi la reli, na kazi humpeleka mbali. Binti alikuwa mjamzito, hana ndugu hapa. Mchana mmoja nilikuwa natoka shambani kwa ile njia ya zamani ya wapagazi, nikamkuta ameketi vumbini, mtungi umevunjika kando yake. Alikuwa amekwenda mbugani kutafuta maji na hakupata.

"Mama, nimeshikwa na uchungu," akaniambia. "Nyumbani sina hata tone."

Nikamwambia, "Nishike bega. Twende kwangu."

Tulikwenda tukisimama kila mara. Nilimlaza kitandani kwangu, nikamwita Benedikta kwa sauti mpaka akatokea mbio, kanga mkononi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Maji!" Nikamwonyesha mitungi. Aliifunua mmoja baada ya mwingine, yote imejaa, akaanza kuchota.

Mtoto alikuja vibaya, Tekla, alitanguliza miguu. Kashindye alipoteza damu mpaka midomo ikawa myeupe. Nilichochea moto bila kupima, nikachemsha maji, nikamwaga, nikachemsha tena. Benedikta alikuwa akisema, "Lete mengine, mama. Lete tu." Mtoto alipotoka hakulia. Benedikta alimsugua, akampigapiga nyayo, nami nilisimama na karai mikononi nikisali Salamu Maria bila kujua nimefika wapi. Kisha akalia. Benedikta naye akaketi chini, akalia.

Mitungi ilikuwa mitupu. Jioni ile wanawake walileta maji kidogo kidogo, kila mmoja kwa kibuyu chake, na Benedikta ndiye aliyepita akiwaomba nyumba kwa nyumba.

Kashindye alikaa kwangu mpaka akapata nguvu. Nilimpikia uji wa mtama, nikamtolea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, niliyokuwa nayo. Nyumba ilikuwa na kilio, nepi kambani, mtu wa kuniuliza chumvi iko wapi. Yoramu aliporudi walitaka nichague jina la mtoto. Nilisema Veneranda. Ndiyo, jina la mama yetu. Nilikuwa sijalitamka kwa sauti tangu tumzike.

Kisha wakarudi kwao. Ni hatua chache tu, lakini siku ile nilisonga ugali wa watu watatu, nikautazama ukipoa. Kesho yake nilivuka nikamwambia Kashindye tupike kwa moto mmoja, kwa kuwa kuni hazitoshi. Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa neno lote. Nafikiri alielewa. Tangu hapo tunapika pamoja.

Lakini Yoramu amepewa nyumba ya reli Itigi. Baada ya Noeli watahama. Kashindye aliniambia huku akimnyonyesha mtoto, hakuinua uso. Nikamjibu, "Vema, mwanangu, mke akae na mumewe." Nilikwenda kumwagilia mchicha ambao nilikuwa nimekwisha kuumwagilia.

Mara mbili uliniandikia nije Muheza, nami nikakataa kwa ajili ya shamba na makaburi. Sasa naomba. Mvua ikinyesha nitapanda, nivune, halafu shemeji akipata ruhusa aje anichukue. Makaburi Benedikta ameahidi kuyafagia. Nikija, msinipe jiko langu peke yangu. Niacheni nipike pamoja nanyi.

Nisalimie sana Raymundi, Marko mkubwa na mdogo wake Modest, na mama Kashaga jirani yako ambaye huachi kumtaja. Benedikta anakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, na akutulizie kifua mumeo.

Ni mimi dada yako, ninayekuwaza kila nikiwasha moto,

Bernadeta