Mchanga wa Shimo la Nutholt

Chichester, 4 Machi 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limekuachia angalau upande ngazi bila kutukana. Mimi sijambo, isipokuwa mafua ya huku ofisini yanazunguka kama sahani ya sadaka kanisani na leo yamenifikia.

Nina ombi ambalo najua utalicheka. Ndani ya kifurushi hiki kuna kopo la tumbaku, na ndani ya kopo kuna vigae vinne. Ni vipande vya vyungu vya wakati wa Warumi, vyote vya kijivu, vyote vimetoka shamba moja tulilolichimba mwaka jana. Kazi yangu, kama unavyowaambia wenzako wa kucheza dhumna ukinikejeli, ni kuhesabu mchanga. Ni kweli. Chungu humjui kwa sura, maana sura huigwa. Unambana kwa koleo, unavunja kipembe, unatazama kwa lenzi pale palipovunjika upya: mchanga ni mwingi au haba, chembe ni nene au laini, zina kingo au zimeviringika, kuna chuma ndani au hakuna. Kisha unamweka pamoja na ndugu zake. Ukishawajua ndugu zake, ndipo unauliza kwao ni wapi.

Wa kwanza, wa pili na wa tatu nawajua. Wa nne ananitesa. Miaka mitano iliyopita niliandika katika kitabu changu kwamba vyungu vya aina yake vilitoka Farnham, kwenye yale matanuri makubwa, na kila mchimbaji wa upande huu amenakili maneno yangu. Kitabu kinachapishwa upya Desemba, na kila nikimtazama naona kama ananicheka. Wewe umekanyaga udongo wa matofali miaka arobaini. Hebu mwangalie uniambie unaona nini.

Tafadhali usimwambie mtu kwamba nimevitia posta. Nitafukuzwa.

Binti yako,
Hilary


Nutholt, 11 Machi 1984

Hilary mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile. Shangazi yako Doris anakusalimu na kulalamika kwamba huandiki. Nimemwambia hata mimi huniandikii mpaka upate shida na vigae.

Lenzi sina, na macho yangu siku hizi hayatofautishi kunguru na kofia. Kwa hiyo nimefanya kama tulivyofanya siku zote kiwandani: nimevunja kipembe nikakitafuna kwa meno ya mbele. Usipige kelele. Hakuna fundi matofali asiyeonja udongo wake, na sisi tuliokuwa tukionja hatukuwahi kuchoma tofali likapasuka, au mara chache tu.

Wa kwanza ana mchanga wa mto, unateleza. Wa pili vilevile, ila mchafu. Wa tatu ana chokaa. Wa nne nilimtafuna mara moja nikaacha chai ipoe. Ana mchanga laini kama unga, halafu ghafla chembe nene mbilimbili, halafu yale mapunje meusi ya chuma yanayopasuka jinoni. Huyo hajawahi kufika Farnham. Huyo ni wa kwetu, shimo la chini, nyuma ya banda la kukaushia. Udongo huo nimeutema maisha yangu yote, siwezi kuusahau.

Baba yako


Chichester, 15 Machi 1984

Baba,

Shikamoo. Nilisoma barua yako wakati wa chakula cha mchana nikacheka mpaka nikapaliwa na mkate. Nikiandika kitabuni, "Ushahidi: meno ya baba," wenzangu watanipeleka hospitali.

Lakini usiku nilishindwa kulala. Kanuni yetu ni kwamba humtajii chungu kwao mpaka uwe umeliona tanuri, na hakuna aliyewahi kuona tanuri la Warumi karibu na Nutholt. Kama usemayo ni kweli, basi watu wa kwetu hawakuwa wakinunua vyungu vya mbali kama nilivyoandika. Walijifinyangia wenyewe, hapohapo kijijini, na kitabu changu chote kimesimama kwa kichwa.

Kwa hiyo nakuuliza, na sasa sitanii. Katika miaka yako yote ndani ya shimo lile, uliwahi kuona vigae? Udongo mwekundu ulioungua? Chochote?

Nijibu upesi, nakuomba.

Binti yako,
Hilary


Chichester, 2 Mei 1984

Baba,

Shikamoo. Wiki saba na hujanijibu. Nilidhani unaumwa, lakini Doris anasema dhumna huikosi hata siku moja. Jumamosi ya Pasaka nilikuja. Mlango ulikuwa umefungwa. Doris akaniambia, "Baba yako kaenda kuangalia mbio za farasi." Wewe! Farasi!

Sikurudi mikono mitupu. Nilishuka shimo la chini nikachota ndoo ya udongo. Nimeufinyanga vibao vidogo, nikavichoma huku kwetu, nikavivunja, nikavitazama kwa lenzi sambamba na wa nne. Mchanga laini, chembe nene mbilimbili, mapunje ya chuma. Nilimwita mwenzangu mmoja nikamwambia, "Nionyeshe yupi ni yupi." Akakosea mara tatu kati ya tano.

Meno yako yalisema kweli. Lakini udongo kufanana hakutoshi, maana tabaka hilohilo huenda likaibukia mahali pengine. Nahitaji tanuri. Na kunyamaza kwako kunanifanya niamini kwamba kuna kitu unakijua. Baba, kuna nini?

Hilary


Nutholt, 20 Mei 1984

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kungoja. Siumwi. Ni woga tu.

Meno yaliropoka kabla kichwa hakijaamka. Ningalifikiri kidogo, ningalikuandikia kwamba ni wa Farnham, tukamaliza.

Ilikuwa Juni 1951, mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Tulikuwa kumi na mmoja, msimamizi wetu Stan Gorringe, tukipanua shimo la chini. Jembe langu likagonga kitu. Tulipofukua tukaona duara la udongo ulioungua ukawa mwekundu, upana wake kama mtu aliyelala, na ndani vyungu vya kijivu vimerundikana, vingine vimepinda na kushikana. Stan akasema, "Len, yule mama wa makumbusho akilisikia hili atatufungia shimo mpaka majani yadondoke." Mimi nikasema, "Nani atamwambia?"

Unajua kazi yetu ilivyokuwa. Tofali bichi hukauka kiangazi tu. Ukipoteza Juni na Julai umepoteza mwaka, na watu kumi na mmoja wanakaa nyumbani na watoto wao. Tukalivunja kwa sururu asubuhi nzima, tukabeba kwa toroli, tukamwaga kwenye njia ya kuingilia kiwandani palipokuwa na matope. Ndiyo ile njia uliyokuwa ukipita kwenda shule.

Sikujua ni kitu gani. Tulikuwa vijana, tuliona takataka za zamani. Ulipoanza masomo yako nilitaka kusema, nikaona haya. Kitabu chako kilipotoka nikakinunua, nikasoma Farnham, nikanyamaza tena. Kadiri nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu.

Stan amekufa, na wengine karibu wote. Shimo na njia ni vyangu siku hizi, hakuna wa kumwomba ruhusa. Njoo uchimbe.

Baba


Chichester, 9 Septemba 1984

Baba,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana Agosti nzima tulipokuwa tukiichimba ile njia nilikuwa nikiiona kutoka upande wa pili wa ukuta wa ua wako. Kila saa nne asubuhi ulituwekea birika na vikombe juu ya ukuta, ukarudi ndani. Kila jioni niliviacha palepale vimeoshwa. Vijana wangu waliniuliza, "Yule mzee ni bubu?" Nikawajibu, "Ni baba yangu, ana shughuli."

Nilikasirika, na hasira haijaisha. Sikasiriki kwa ajili ya kitabu. Kosa la kitabu ni langu: nilimtajia chungu kwao bila tanuri, kwa sababu tu mdomo wake ulifanana na wa vyungu vya Farnham. Kinachoniuma ni kwamba miaka kumi umeketi mezani nami Jumapili ukinisikiliza nikiuliza swali, na jibu umelikalia.

Chini ya kokoto za njia tumetoa magunia ishirini na saba. Vyungu vilivyopinda motoni, vilivyoshikana, ambavyo hakuna mtu angevinunua wala kuvisafirisha. Nimevunja mia mbili na kumi kwa koleo nikamtazama kila mmoja. Wote ni ndugu wa yule wa nne. Siku ile nilisahau hasira, nilikimbia mpaka ukutani kukuita, kisha nikakumbuka nikarudi.

Tanuri lenyewe ndilo tulilolipoteza. Hatutajua lilitazama upande gani, wala kama lilitumika mwaka mmoja au mingi.

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji tarehe 21. Nimeandika hivi: "Tanuri lilivunjwa mwaka 1951 na mafundi matofali, bila kujua ni kitu gani. Habari zimetoka kwa mmoja wao." Jina nimeacha wazi. Kitabu kitasomwa na watu wengi, na wa dhumna nao watasikia. Niliweke, nisiliweke? Uamuzi nakuachia wewe.

Hilary


Nutholt, 14 Septemba 1984

Hilary mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Kumekuwa kimya tangu mwondoke.

Nimesoma maneno yako mara nyingi. Nikamsomea na Doris, ambaye hakuwa akijua lolote. Alilia kidogo, kisha akasema, "Kakustahi huyo mtoto, Len." Ni kweli umenistahi. Lakini ulichoandika si sahihi, na lawama ni yangu, kwa sababu barua yangu ya Mei ilikuwa na uongo mmoja.

Stan alipokwenda kuleta toroli, nilibaki shimoni peke yangu. Nilipiga magoti nikaingiza mkono. Mdomo wa kukokea moto ulitazama kusini-magharibi, kwenye upepo, kama wa tanuri letu. Ukuta ulikuwa umepasuka, na pale penye ufa nilihesabu matabaka sita ya udongo uliopakwa juu ya udongo, kama sisi tulivyopaka letu kila mwanzo wa msimu. Miaka sita, basi, au zaidi. Kwenye tabaka la juu kulikuwa na alama za vidole. Niliweka vyangu juu yake. Nikasema kwa sauti, na hakuna aliyesikia, "Habari za kazi, fundi."

Stan aliporudi na toroli aliuliza, "Nani anaanza?" Sururu ya kwanza ilikuwa yangu.

Nyuma ya karatasi hii nimelichora kama ninavyolikumbuka. Vipimo ni vya kiatu changu, namba tisa.

Jina liweke, Leonard Arthur Budgen, lote. Na hayo maneno "bila kujua ni kitu gani," yafute.

Baba yako