Kwaya Yetu Haina Diwani

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu mchana, sasa imekata, na upepo wa ziwa unaingia hadi jikoni. Nina hasira. Naandika kabla haijapoa, maana ikipoa nitaanza kujishauri kuwa mtu wa adabu.

Alhamisi matokeo yalibandikwa ukutani pale ofisi ya kata. Diwani wetu ameanguka. Kwa mtu wa mbali hii ni kata moja tu ya kando ya Mwanza, mawe na mabati na maji. Kwetu ni kama kuambiwa mlima umehama usiku. Chama chake kimeishika kata hii tangu sijazaliwa. Mama yangu amezeeka na kufa bila kumwona diwani wa chama kingine. Bodaboda walikwenda hadi Pasiansi na kurudi wakipiga honi. Kina mama wauza samaki wa mwaloni walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Mimi nilifunga duka langu la dawa, nikakaa nyuma ya kaunta, nikalia.

Sikulia kwa furaha, wala kwa huzuni. Nadhani ulikuwa uchovu wa kuogopa. Miezi hii yote nimejifanya jasiri mbele za watu, halafu nikifika nyumbani nashindwa kula.

Kwa asiyejua: mimi ndiye mwalimu wa kwaya ya kanisa letu. Niliichukua kutoka kwa mwalimu aliyehamia Geita, na pamoja na nyimbo nilirithi desturi. Kila kampeni, fuso la chama lilikuja kutubeba kwenda kuimba jukwaani. Kulikuwa na wimbo wetu mzuri wa sifa. Kwenye mkutano, palipokuwa na jina la Bwana tuliweka jina la diwani. Watu walicheka kidogo, wakacheza, tukapewa soda, tukarudi. Na kinanda cha kwaya alikitoa yeye, kikiwa na picha yake imebandikwa ubavuni.

Mwaka huu fuso lilikuja kama kawaida. Wanakwaya wameshavaa sare. Nyanzobe, anayeongoza sauti ya kwanza, akakaa chini kwenye benchi.

"Mimi siimbi," alisema.

Hakuna aliyemuuliza sababu. Nyanzobe ni mkausha dagaa. Ule ufukwe walikokuwa wakianika, yeye na wenzake, ulizungushiwa uzio mwanzoni mwa mwaka, akapewa mwekezaji. Vichanja vyao viling'olewa asubuhi moja, dagaa wakiwa bado juu yavyo. Walipokwenda kwa diwani aliwaambia, "Mtazoea." Neno hilo tu.

Nilimtazama Nyanzobe pale kwenye benchi, nikaona aibu kumwambia asimame.

"Basi hatuimbi," nikasema. "Wote."

Mzee Mabula, mwenyekiti wa kwaya, alinishika mkono akanivuta kando. Yeye ni kada wa chama hicho tangu ujana wake, na ni mtu mwema, sitaki kumsema vibaya. "Mwanangu," aliniambia, "unajua kinanda hiki kilikotoka? Mkono unaokulisha huuumi."

"Shikamoo baba," nikamjibu, maana sikuwa nimemwamkia siku ile. "Hajatulisha. Tumemwimbia."

Fuso liliondoka tupu.

Wiki iliyofuata waliingia wanaume wawili katikati ya mazoezi, wakachomoa waya, wakakibeba kinanda. Tulikuwa tumefika kwenye kiitikio. Hatukunyamaza. Mtu alianza kupiga makofi, mwingine akachukua kayamba, tukaumalizia wimbo huku wakihangaika kukipitisha mlangoni. Sijawahi kuipenda kwaya yangu kama saa ile.

Kisha akaja dukani kijana mmoja mwenye kofia ya chama. Hakununua kitu. Aliangalia kibali changu ukutani, akauliza kinaisha lini. Nikamwambia. Akasema, "Sawa, mwalimu," akatoka. Tangu hapo kila gari lililosimama mbele ya duka lilinikausha mate.

Lakini nilikwenda kupiga kura. Nilisimama kwenye foleni na hofu yangu, nikachagua yule kijana wa upinzani, nikatoka.

Hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye kiti kile nyuma ya kaunta. Nilidhani yameisha.

Leo mchana, kabla ya mvua, tulikuwa mazoezini. Nje ikasimama pikapu. Akashuka diwani mteule mwenyewe, kijana mtanashati, ana uso wa kupendeka. Alinisalimu vizuri: "Shikamoo mwalimu." Wapambe wake wakashusha boksi. Kinanda kipya. Wanakwaya walipiga kelele za furaha, na mimi pia, nisidanganye, moyo uliruka.

Alituhutubia kidogo. Akasema sisi ndio tuliowasha moto wa mabadiliko. Akasema fuso lililoondoka tupu lilizungumzwa kata nzima. Kisha akasema Jumatatu anaapishwa, na angependa "kwaya yetu" imsindikize.

Kwaya yetu. Nililisikia hilo neno likinikwaruza.

Mpambe wake mmoja akatoa karatasi ya maneno ya wimbo, nikasoma. Ulikuwa wimbo wetu ule ule wa sifa. Pale pale palipokuwa na jina la yule, sasa limeingia jina la huyu.

Nilimrudishia ile karatasi.

"Mheshimiwa," nilisema, "Jumapili njoo kanisani tukuombee, kama tunavyomwombea kila mtu. Nimekupigia kura na nikiambiwa nirudie nitarudia. Lakini kuimba jina lako hatuimbi. Na kinanda rudi nacho. Ukitaka kutupa kitu, warudishie kina mama ufukwe."

Alitabasamu, tabasamu la mtu asiyezoea bado kukataliwa. "Mwalimu, mimi siyo yule."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia mapema."

Nilidhani Nyanzobe angesimama upande wangu. Ningeapa. Badala yake alisimama akanigeukia mimi, machozi yakimlengalenga.

"Mwalimu, tumeteseka kwa ajili ya siku hii," alisema. "Huyu ni wetu. Yule nilimnyima wimbo kwa sababu alinidhulumu. Huyu amenidhulumu nini? Unaninyima hata kufurahi?"

Amepoteza vichanja vyake, mimi sijapoteza hata kidonge kimoja cha duka langu. Nani kanipa haki ya kumpangia furaha yake?

Nilimwambia tu ukweli wangu: "Nenda ukaimbe, dada yangu. Sikukatazi. Ila siyo kwa jina la kwaya."

Alitoka. Karibu nusu ya kwaya ikamfuata, wengi wao sauti ya kwanza, na kinanda kikarudi kwenye pikapu pamoja nao. Niliwasikia wakianza kuimba kabla gari halijapinda kona. Waliimba vizuri. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Tuliobaki tulitazamana. Mzee Mabula alikuwa bado amekaa pale pale kwenye kiti chake cha besi.

"Baba, na wewe umebaki?"

"Ningekwenda wapi?" akasema. "Nimshangilie aliyetushinda? Mimi chama changu sikihami." Akakohoa, akafungua kitabu cha nyimbo. "Na usidhani nimekubaliana na wewe. Siku ile ulinikosea. Leo umemkosea na kijana huyo. Angalau hubagui. Tuanze ukurasa gani?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Kwa hiyo hapa ndipo nilipo. Simu inaingiza ujumbe juu ya ujumbe. Mmoja anasema nimenunuliwa na chama kilichoanguka. Mwingine anasema nina kiburi cha mtu mwenye duka. Huyo wa pili ananiuma, maana huenda ana ukweli kidogo. Mume wangu anasema ningeomba muda wa kufikiri. Labda. Lakini wale wa zamani nao walianza na zawadi nzuri na kijana mwenye uso wa kupendeka, na wazazi wetu wakawaambia, tuna imani na ninyi, hatuna la kudai. Wakakaa mpaka wakafika pa kutuambia mtazoea.

Sizoei.

Simchukii kijana huyu. Namtakia heri, tena sana, maana akishindwa tumeshindwa sote. Ufukwe ukirudi nitakuwa wa kwanza kumshukuru, kwa kinywa changu, mchana kweupe. Lakini asitudhanie ni mali aliyoikuta ofisini.

Kesho ibada ipo. Nyanzobe akija, nafasi yake ya mbele sijampa mtu, na sitamuuliza neno. Asipokuja, sauti ya kwanza nitaimba mwenyewe, kwa hili koo langu la chura. Waumini watavumilia. Wamevumilia mabaya zaidi ya hayo.