Placide Anaingia Mapema

Jumamosi, 22 Februari 2003

Tumeimba leo mpaka koo zimekauka. Chumba cha Rachidi cha kurekodia ni kidogo, na madirisha ameyaziba kwa magodoro ili majogoo wa Bigo, mtaa wetu hapa Bunia, wasiingie kwenye kaseti. Joto! Eugène, mkuu wa korali, alivua shati akabaki na singleti na rozari yake.

Nyimbo ni zile za zamani, za mapadri wa kwanza. Ila safari hii kuna kinanda cha umeme, gitaa, na ngoma inayojipiga yenyewe ndani ya mashine. Hata nambari 87, wimbo wa kuzika, sasa unatikisa mabega. Mama mkwe alisimama mlangoni akauliza: Hii ni ya kuzika ao ya kuoana? Rachidi alicheka. Yeye ni Mwislamu, anasema anarekodi kila mwenye kumwomba Mungu, mradi alete mafuta ya groupe, jenereta yake.

Mashine yake inashika sauti kwa njia nne. Sauti ya mume wangu inameza wenzake, kwa hiyo Placide akapewa njia ya nne peke yake. Na kama kawaida yake — ubeti wa tatu wa 87! Kinanda kinapiga mstari mmoja, watu wanavuta pumzi, halafu wote wanaingia pamoja. Placide hakungoja. "Fungua —" peke yake, kama mtu anayebisha kwa jirani. Tuliangua kicheko. Miaka yote anafanya hivyo, hata Pasaka, kanisa limejaa. Eugène akamwambia: We Placide, uko na haraka ya kufika mbinguni kupita siye bote!

Hapo groupe likazimika. Mafuta yameisha. Tutarudia siku nyingine.

Jumanne, 4 Machi

Placide ameondoka asubuhi kwa baiskeli kwenda Marabo kuchukua mafuta ya mawese. Nimemwambia asichelewe, mazoezi ni Jumamosi. Akasema yeye hajawahi kuchelewa, kosa lake ni lingine.

Alhamisi, 6 Machi

Risasi tangu alfajiri. Mabomu. Mimi na mama mkwe chini ya kitanda. Siwezi kuandika.

Jumapili, 16 Machi

Mji umebadilisha wenyewe tena, askari wa jana wamekimbia, wengine wameingia. Barabara ya Marabo imefungwa. Wanaofika kwa miguu wanasema wameona baiskeli njiani, zimelala, bila watu. Nimeuliza rangi. Hakuna anayekumbuka rangi.

Mama mkwe analia vizuri, kwa sauti, inavyotakiwa. Mwaka jana alikimbia kutoka Djugu na mkeka mmoja, amekwisha kuzoea. Mimi hapana. Nimetwanga majani ya muhogo, nimepika sombe. Nimefagia. Nimefua shati la Placide la korali, ambalo lilikuwa safi. Nyuma ya ukuta majirani walisema Joyeuse hana machozi, labda alikuwa hamupende. Nilisikia vizuri sana. Halikuniuma, na hilo ndilo lililonishangaza.

Jumatano, 2 Aprili

Eugène amekuja kunichukua, tukaenda kwa Rachidi. Kaseti lazima iishe. Kuna kilio kila mtaa, na korali haiwezi kuzunguka kwa ajili ya vizuizi vya askari. Watu wanataka kitu cha kuzikia. Lakini 87 haiwezi kutoka na kosa, kwa hiyo Fulgence, mwenzake Placide wa besi, ataimba upya.

Niliuliza: na sauti ya Placide?

Rachidi aliangalia chini. Njia ni ine tu, mama. Fulgence akiimba, Placide anafutika.

Eugène alieleza kwa upole wake wote. Batu batacheka ku maziko, Joyeuse. Fikiri mama mwenye kuzika mutoto, anasikia ile kosa.

Nikasema bacheke. Nikasema mukimufuta, mutafute na soprano mwengine.

— Placide mwenyewe angetaka kurudilia.

— Basi arudi, arudilie.

Fulgence alitoka nje kuvuta sigara, maskini, hakuomba kazi hii. Rachidi akafunika mashine kwa kitambaa. Alisema yeye hafute sauti ya mutu kama bibi yake anakatala. Kosa limebaki. Nimeshinda! Nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe, na viatu miguuni.

Jumamosi, 12 Aprili

Kaseti imetoka. Rachidi anatoa nakala moja moja na kuziuza sokoni karibu na wauza nyanya. Huwezi kupita mitaa miwili bila kutusikia. Zamani penye kilio waliita korali. Sasa ni radio moja, mawe mapya ya radio, yaani betri, na watu wanaimba nyuma yake. Bibi wazee wanatikisa mabega huku wanalia, hawajui washike lipi.

Napita na beseni kichwani, na Placide anaingia. "Fungua —" Anatoka kwenye nyumba ambayo hata marehemu wake simjui. Siku ya kwanza niliweka beseni chini. Leo nimepita tu.

Mama mkwe anakaa karibu na radio yetu. Anasema mutoto yangu anaita. Anasema tufanye kilio, roho yake ipumzike. Nimesema bado.

— Bado mupaka lini?

Akishaliliwa nitanyolewa nywele, na kwa kuwa hatuna mtoto nitarudishwa kwa ndugu zangu Mahagi. Hilo si baya, Mahagi kuna samaki. Baya ni kwamba mtu aliyekwisha kuliliwa hatafutwi tena. Hata mimi, nikinyolewa, nitaona aibu kuuliza njiani.

Jumatatu, 12 Mei

Mapigano tena, tumekimbilia uwanja wa ndege. Tuko chini ya hema la plastiki, Bigo yote iko hapa. Nimebeba sufuria na daftari hili. Mama mkwe amebeba mkeka wake, kama kawaida.

Rachidi yuko hema la tatu. Mashine yake imeibwa na kaseti ya kwanza ikiwa ndani, aliona kijana anaibeba kichwani. Basi ile njia ya nne, Placide peke yake, haipo tena. Zimebaki kaseti, ambamo yuko pamoja nasi wote. Rachidi alilia aliponieleza. Mimi nilikuwa nakula biskuti ya msaada. Nikaimaliza.

Jumapili, 25 Mei

Mtoto wa hema la jirani amekufa kwa kuhara. Radio hakuna, mawe ya radio hakuna, watu wakaimba kwa midomo yao. Nambari 87. Sikuimba, nilishika ncha moja ya shuka lililombeba.

Ubeti wa pili ukaisha. Hakuna kinanda cha kungojea, lakini wote walinyamaza kidogo, kama kipo. Halafu wanaume — wanaume nisiowajua, wa mitaa yote — "Fungua —" Mapema! Wote pamoja, na wanawake wakafuata nyuma. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyejua kwamba ni kosa.

Nilimwangalia Eugène. Aliangalia viatu vyake. Tuliporudi aliniambia: Sasa ni vile inaimbwa, dada. Ulishinda.

Nilitaka kufurahi. Niliingojea hiyo furaha mpaka chakula cha jioni, halafu nikaosha sahani.

Jumanne, 10 Juni

Askari wazungu wameshuka na ndege zao, na risasi zimepungua kidogo. Tumerudi nyumbani. Mlango umeibwa, bati limebaki, radio waliiacha, labda walidhani imekufa.

Mama mkwe ameamua: kilio ni Jumamosi. Wazee wa ukoo wamekubali. Nimesema ndiyo. Nilikuwa nachambua mchele, neno likatoka tu, nikaendelea kuchambua.

Ijumaa, 13 Juni

Nitaandika polepole.

Asubuhi kwenye bomba la maji alikuwepo mwanamke mgeni, Adèle, ametoka upande wa Marabo juzi na anakaa kwa majirani. Alikuwa anasimulia tu, kama watu wanavyosimulia wakingoja maji. Ng'ambo ya Marabo kuna nyumba ya wagonjwa, alilala pale na homa. Kuna mwanaume aliokotwa porini, kichwa kizima kiko kwenye bandeji. Jina lake halijui. Ukimwuliza kitu, hajibu. Lakini asubuhi wauguzi wakiimba sala, naye anaimba.

— Ile wimbo ya kuzika, ubeti ya tatu, yeye anaingia mbele ya bengine. Peke yake! Bauguzi banacheka.

Ndoo yangu ilikuwa imejaa, maji yakamwagika miguuni. Nilisikia baridi yake. Tangu Machi sijasikia baridi.

Niliuliza yote. Mrefu? Alikuwa amelala. Uso? Bandeji. Sauti nzito? Akasema sauti ya mugonjwa, mama, nitajua namna gani? Aliletwa lini? Alimkuta pale pale kitandani. Ila alisikia kwamba alipakiwa kwenye lori la Constant, dereva anayebeba wachimba dhahabu na mizigo yao.

Mwezi wa pili alikuwepo mtu mmoja tu duniani anayeimba hivyo. Ingekuwa wakati ule, nisingeuliza swali hata moja, ningekuwa njiani sasa hivi. Leo nusu ya Bunia inaingia mapema, na nusu ya Bunia ilikimbilia porini. Mimi ndiye niliyekataa asifutwe. Nilitaka abaki, na sasa wako wengi.

Nimemwambia mama mkwe. Aliacha kupepeta. Akaweka ungo chini, akasema kwa sauti ndogo sana:

— Joyeuse, usinifufulie mutoto ili nimuzike mara mbili.

Nikasema labda ni yeye, mama. Akasema hiyo labda ilishanimaliza. Batu biko njiani, kuku bameshachinjwa. Kilio ni kesho. Ukitoka kesho na mimi niko ku mukeka, usirudi kwangu.

Simlaumu. Naogopa. Nimeandika neno hilo na kulitazama: naogopa. Nilidhani limekwisha kunitoka.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimekaa juu ya bidoni, dumu tupu la mafuta, mbele ya nyumba ya Rachidi. Nimetoka kwa mlango wa nyuma, nimesema naenda msalani. Kutoka hapa naona ua wetu. Mkeka umetandikwa. Wembe uko kwenye sahani nyeupe, chini ya kitambaa. Wanawake wanaingia wakiwa wameshika vichwa. Eugène amefika na mawe mapya ya radio kwenye mfuko wa shati.

Lori la Constant liko uani kwa Rachidi! Amefika usiku, amelala ndani ya lori, na leo hii anarudi upande wa Marabo mara watu wake wakikamilika. Rachidi anasema kuna nafasi moja juu ya magunia. Anasema pia: Mama, ile njia haiko muzuri, usipande juu ya maneno ya hewa. Nimemwambia siendi kwa maneno ya hewa. Nina swali moja tu kwa dereva. Yule mtu mwenye bandeji, alimbeba kabla ya kaseti yetu kutoka, au baada yake? Kama ni kabla, hakuna mahali alipojifunzia. Kama ni baada, anaweza kuwa mume wa yeyote.

Wamewasha kaseti. Kinanda. Ile ngoma isiyo na mtu. Sisi wote tunaimba pale uani, na mimi nipo, nasikia soprano yangu mwenyewe, ina nguvu kuliko nilivyodhani. Mama mkwe anaimba pia. Kuna mtu anauliza Joyeuse yuko wapi.

Ubeti wa kwanza umeisha.

Constant ameamka. Ameshuka anajikuna tumbo, anaomba maji ya uso. Nimemwuliza. Akasema ndiyo, yule wa bandeji, nilimubeba miye, damu ilichafua magunia yangu. Mwezi gani? Akatikisa kichwa. Mama, nimebeba bagonjwa bengi, mimi sishike miezi. Nikamwuliza kama siku hizo kaseti yetu ilikuwa inapigwa tayari, ndani ya lori, sokoni, popote.

— Kaseti gani?

Wanawake wameita jina langu, mara mbili. Ubeti wa pili unaisha. Kinanda kinapiga ule mstari wake, Constant ananitazama na maji yanamtiririka kidevuni. Nimemwonyesha kidole upande wa ua wetu: hiyo, aniambie kama siku ile alikuwa ameisikia tayari. Nimemwambia asikilize, huyu anaingia sasa hivi.