Kulia Krimu, Kushoto Chai

Mkuyuni, Mwanza
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, mama. Shikamoo tena, maana leo moja haitoshi. Goti linaendeleaje? Na mihogo, nguruwe-pori hawajairudia? Mimi ni mzima, nakula nashiba, na kanisani leo nimeimba mpaka sauti imekauka. Subiri nikueleze kwa nini.

Barua yako iliniuma, mama. Uliandika, "Kama mpaka Pasaka bado unafagia nywele za watu, rudi, shamba lipo." Sikujibu upesi, nilitaka kwanza nipate habari ya kukuletea. Mama Jose, mwenye saluni yetu ya mjini, alikuwa ametangaza kwamba anafungua ya pili huku Mkuyuni, na msimamizi atatoka miongoni mwetu. Nikajua ni mimi. Nani mwingine anasuka kama mimi? Yeye akanitazama usoni, akasema mbele ya wateja, "Tabitha, mikono unayo. Lakini hayo macho! Watu watadhani saluni inaendeshwa na mgonjwa." Ni kweli, chini ya macho nina vifuko vyeusi tii, na unajua nimevirithi kwa nani.

Basi nikaapa vitatoka. Siku hizi kila kitu ruksa, mama, vipodozi vinauzwa hata juu ya matoroli pamoja na nyanya, na kila mtu ana dawa yake. Mteja mmoja akaniambia kuna daktari Nairobi anavikata kwa kisu. Nikamjibu kisu nimewaachia samaki. Wauza samaki nao wakanipa mafuta ya sangara. Nikapaka, na kesho yake kanisani benchi zima likanihama! Matango nayo niliyalaza machoni, yakanipa usingizi, nilipoamka nikayala.

Zikabaki dawa mbili. Moja ni krimu anayouza Mama Jose mwenyewe, ya kopo la dhahabu, yenye maandishi asiyoyajua mtu. Ya pili ni majani ya chai yaliyochemshwa, yakafungwa kwenye kitambaa na kupozwa juu ya mtungi. Hiyo alinifundisha mpangaji mwenzangu, Bi Zuhura, fundi cherehani. Nikasema ubishi wa nini? Jicho la kulia krimu, la kushoto chai, wiki mbili, tuone.

Wiki ya kwanza krimu ikaongoza. Kulia kukang'aa, nikamcheka Bi Zuhura mpaka akaninunia. Wiki ya pili, weee! Ngozi ikawasha, ikababuka, ikaacha baka jekundu. Kushoto uvimbe ulikuwa umenywea. Weusi ulibaki kidogo, sikudanganyi. Wenzangu wakaniita Nusunusu.

Alhamisi akaja binti wa kuolewa Jumamosi, yeye na mama yake. Macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, analia, na kulia kunazidi kuyavimbisha. Mama Jose akachukua kopo la dhahabu, akaanza kulifungua. Nikinyamaza, binti wa watu anaharibiwa uso. Nikisema, Pasaka niko shambani na jembe. Mama, nikasema.

"Dada, usikubali kupakwa hiyo. Nitazame mimi." Nikamgeuzia binti jicho la kulia, halafu la kushoto.

Mama Jose akawaka. "Unanifukuzia wateja dukani kwangu? Kusanya vitu vyako!"

Mama wa bi harusi hakumsikiliza. Alinishika kidevu, akanigeuza huku na huku kama anachagua papai. "Hili la kushoto umelifanyia nini?"

"Chai, mama. Chai iliyopoa."

"Basi mwanangu atakaa na huyu. Na wewe mwenye duka, ukimfukuza, namchukua mimi."

Nikamlaza yule binti kwenye benchi, vitambaa viwili, siku ile na ya pili yake, nikamwamuru na kulala. Jumamosi alitoka macho hayana uvimbe, vigelegele mpaka barabarani! Jumatatu wanawake waliokuwa harusini wakajaa mlangoni: "Yuko wapi yule wa chai?"

Mama Jose hakuniomba radhi, neno hilo hajafundishwa. Ila makopo yote aliyatupa chooni. Juzi akanitia funguo mkononi, akasema, "Mkuyuni nenda wewe." Nililia, mama, nikacheka, nikalia tena. Barua hii naiandikia humu humu ndani ya saluni mpya, rangi ya ukuta bado mbichi.

Nisalimie baba mdogo na nyavu zake, na shangazi wa kwaya. Mdogo wangu Bwire mwambie asome, darasa la saba si mchezo.

Pasaka msinisubiri. Njoo wewe, mama. Nitakulaza kwenye benchi langu, nikuwekee chai baridi machoni, na ulale hapo mchana kweupe, pasiwe na mtu wa kukuita shambani.

Ni mimi binti yako,
Tabitha, Msimamizi